Kutupa au Kutupa? Taa Chakavu za Lilongwe na Sisi wa Dzaleka

Nilikuwa kidato cha pili siku lori lilipoleta taa. Lilitoka Lilongwe, mwendo wa kilomita kama 45, likaingia Dzaleka saa nne asubuhi. Sisi wanafunzi wa kituo kimoja cha kujifunzia tulikuwa tumeshajipanga kulipokea. Siku chache kabla, msimamizi wetu alitutangazia mstarini: "Kuna ofisi mjini inaweka taa mpya. Imeamua kutupa taa zake za zamani." Tulipiga makofi. Kwaya ilitunga wimbo wa shukrani.

Kwa kuwa nilikuwa mrefu kuliko wenzangu, nilipewa kazi ya kushika ngazi na kumsogezea fundi vyuma. Zilikuwa taa za tyubu, zile ndefu, zenye mwili wa bati jeupe lililokwisha kugeuka manjano. Moja ilikuwa inavuja. Kutoka kwenye kikopo kidogo kilichofungwa kando ya choki yalitiririka mafuta mazito, yakashuka mkononi mwangu hadi kwenye kiwiko. Nikajifuta kwa shati la shule. Jioni mama alilifua shati lile katika beseni lile lile alilokuwa akimwogeshea mtoto. Tyubu zilizogoma kuwaka waligawiwa watoto wachezee. Mdogo wangu, aliyekuwa na miaka sita, alipigana panga kwa tyubu na rafiki yake mpaka zikapasuka, halafu akajipaka ule unga mweupe usoni kama mcheza ngoma. Tulicheka sana.

Leo ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, nasoma Kiswahili, na sicheki tena. Wenzangu mliosoma mofolojia mmeshaona neno lililojificha katika tangazo la msimamizi. Kutupa ni ku-tupa, yaani kutosa kitu jalalani. Kutupa pia ni ku-tu-pa, yaani kutupatia sisi. Msimamizi alikusudia la pili, nasi tukasikia la pili. Ofisi ile ilifanya la kwanza. Insha hii inahusu pengo lililopo kati ya maana hizo mbili, maana katika pengo hilo ndimo sumu inamopita bila kuulizwa na mtu.

Msimamo wangu ni huu: taa ya zamani inapoteremshwa kutoka kwenye dari ya jengo la umma, tangu dakika hiyo ihesabiwe kisheria kuwa taka ya sumu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Isigawiwe, isiuzwe, isipigwe mnada, na zaidi ya yote isiitwe msaada.

Nianze na sumu yenyewe, kwa sababu wengi tunaamini kwamba taa ikishazimika imekufa. Taa ya tyubu ina hatari mbili. Ya kwanza ni zebaki iliyo ndani ya tyubu. Tyubu za kisasa zina miligramu chache tu. Za zamani zilifika makumi ya miligramu. Tyubu ikiwa nzima haina neno. Ikivunjika katika chumba kilichofungwa, zebaki huwa mvuke usio na rangi wala harufu, ukaingia kwa pumzi, ukadhuru ubongo na figo, hasa za mtoto. Sehemu ya zebaki hiyo hunasa katika ule unga mweupe ambao mdogo wangu aliufanya poda.

Hatari ya pili imo katika mwili wa taa, ndani ya kile kikopo. Mafundi wanakiita kapasita. Katika taa za miaka ya 1950 hadi 1970 kapasita nyingi zilijazwa mafuta ya viwandani yaitwayo PCB, ambayo yalianza kutengenezwa kibiashara mwaka 1929. Wenye viwanda waliyapenda kwa sababu hayashiki moto kirahisi na hayaharibiki. Sifa hiyo ya pili ndiyo balaa yake. Hayaharibiki yakiingia udongoni, wala katika samaki, wala katika mafuta ya mwili wa binadamu, wala katika maziwa ya mama. Mwaka 1968 huko Japani mafuta ya kupikia ya pumba za mchele yaliingiwa na PCB, na watu wakaugua ngozi, ini na neva kwa wingi kiasi kwamba ugonjwa huo ulipewa jina lake, Yusho. Marekani ilipiga marufuku utengenezaji wake mwaka 1979. Mwaka 2013 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka PCB katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila shaka.

Sasa tazameni kalenda ya mji wetu mkuu. Makao makuu ya serikali ya Malawi yalihamishwa kutoka Zomba kwenda Lilongwe mwaka 1975. Maana yake ni kwamba ofisi, shule na hospitali za mwanzo za mji huo zilifungwa nyaya katika muongo ule ule ambao kapasita za PCB zilikuwa bado zikitengenezwa na kuuzwa duniani. Sisemi kila taa ya Lilongwe ina sumu. Nasema kila taa ya umri huo ina swali, na swali hilo lijibiwe kabla taa haijapanda lori.

Msomaji mkali ataniuliza: mafuta yaliyokutiririkia mkononi yalikuwa PCB kweli? Ndugu yangu, nani alipima? Hakukuwa na lebo, hakukuwa na hati, hakukuwa na mtu mwenye wajibu wa kujua. Huko Marekani wakala wa serikali wa mazingira una kanuni nyepesi kwa hali kama hiyo: choki ya zamani isiyoandikwa kwamba haina PCB, ichukuliwe kuwa inayo. Mzigo wa kuthibitisha uko kwa mwenye jengo. Kwetu mzigo huo alibebeshwa mtoto wa kidato cha pili aliyeshika ngazi.

Labda mtasema sheria ipo. Ni kweli, zipo nyingi. Malawi ni mwanachama wa Mkataba wa Stockholm, unaozitaka nchi ziache kutumia vifaa vyenye PCB ifikapo 2025 na zihakikishe taka zake zimeshughulikiwa kwa usalama ifikapo 2028. Ina kanuni za kemikali na vitu vya sumu za mwaka 2008. Ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2017, iliyounda mamlaka ya kulinda mazingira, MEPA. Tatizo langu si uhaba wa karatasi. Tatizo ni matundu mawili, na taa hupita katika yote mawili.

Tundu la kwanza ni la kipimo. Mkataba unapoagiza vifaa vitafutwe na kuondolewa, kiwango cha chini kabisa cha ujazo unachokitaja ni lita 0.05, yaani mililita 50. Kapasita ya taa moja ya wakati ule ilibeba gramu 30 hadi 40 za PCB, na kwa kuwa mafuta haya ni mazito, gramu 40 ni kama mililita 28. Basi taa moja moja inapita chini ya uzio. Transfoma ya mtaani itahesabiwa. Taa ya darasani haitahesabiwa. Lakini jengo halina taa moja. Jengo lenye taa 400 za aina hiyo linaweza kuwa na zaidi ya lita 11 juu ya vichwa vya watu. Sheria inayohesabu taa moja moja badala ya kuhesabu jengo zima ni sawa na mlinzi anayekagua gunia lakini anaachia punje zipite, punje moja moja, mpaka ghala limehama.

Tundu la pili ni la neno, na ndilo linalotuhusu sisi watu wa lugha. Taka ya sumu ina masharti: ihifadhiwe, isafirishwe kwa kibali, iteketezwe mahali panapofaa. Zawadi haina masharti. Kwa hiyo ofisi isiyotaka gharama haihitaji kuvunja sheria. Inahitaji kubadilisha nomino tu. Ikiita vitu vyake taka, italipa. Ikiviita msaada, italetewa kwaya. Ni vyuma vile vile na mafuta yale yale.

Afrika iliwahi kuuelewa mchezo huu vizuri. Mwaka 1988 huko Koko, Nigeria, ziligunduliwa shehena za taka za sumu zilizoletwa kutoka Italia, PCB ikiwemo, zimerundikwa katika kiwanja cha mwanakijiji. Bara zima lilikasirika. Hasira hizo zilichangia kuzaliwa kwa Mkataba wa Bamako wa 1991, uliokataza kuingiza taka za sumu barani mwetu. Tunaufundisha kwa fahari, na tuna haki. Ila Bamako ilichora mstari mpakani mwa bara. Hakuna aliyechora mstari kati ya mji mkuu na kambi. Kama ni dhambi kwa tajiri wa ng'ambo kumtupia Mwafrika sumu yake, inakuwaje sadaka pale mwenye ofisi wa mjini anapomtupia mkimbizi?

Kwa wasiopajua, Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 katika wilaya ya Dowa, mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Kamuzu Banda. Ilikusudiwa watu wasiozidi 12,000. Leo tuko zaidi ya 50,000, wengi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho tunachonunulia nyanya na kugombania zamu ya bomba. Sheria hairuhusu tuishi tunapotaka. Mwaka 2023 waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini walikamatwa na kurudishwa kambini. Fikirieni jambo hilo pamoja na lile lori. Mtu wa Dzaleka anahitaji kibali kwenda Lilongwe. Taa mbovu ya Lilongwe haikuhitaji kibali chochote kuja Dzaleka.

Nilipopata kibali mwaka jana, nilikuta jengo moja mjini linabadilishwa taa. Vijana walikuwa wameketi kivulini wanapasua choki kwa nyundo. Niliwauliza wanatafuta nini. "Mkuwa, achimwene," alinijibu mmoja kwa Kichewa, akinionyesha waya wa shaba unaong'aa. Shaba inauzika. Kikopo hakiuziki, kwa hiyo vikopo vilikuwa vimerushwa kwenye rundo la taka, na nyaya zilizokuwa na plastiki zilikuwa zinachomwa ili shaba ibaki. PCB ikichomwa katika moto mdogo wa namna hiyo haifi, huzaa dioksini, ambazo ni sumu kali zaidi. Kuiteketeza kwa usalama kunahitaji tanuri maalumu la joto la zaidi ya nyuzi 1,100. Vijana wale walikuwa na kiberiti na tairi. Siwalaumu. Nilikaa nao, nikawaeleza nilichojua, wakasikiliza kwa adabu, kisha mmoja akaniuliza: "Sasa tuvipeleke wapi?" Sikuwa na jibu.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya nchi tajiri. Tuangalie basi tajiri alivyofanya. New York ilipokagua shule zake ilikuta taa za zamani zinavuja PCB madarasani. Mwaka 2011 jiji likatangaza mpango wa kubadilisha taa katika shule karibu 800 kwa muda wa miaka kumi. Wazazi walikataa kungoja miaka kumi. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2013 jiji likakubali kumaliza ifikapo mwisho wa 2016. Wazazi wale walikuwa na kitu kimoja ambacho mama yangu hakuwa nacho, nacho si fedha: waliambiwa kilichokuwa darini.

Na kama New York ni mbali, Mombasa je? Katika kitongoji cha Owino Uhuru, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kiliwamwagia wakazi risasi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi pale, alijua baada ya mtoto wake mchanga kuugua na damu yake kupimwa. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, rufaa ikaivuruga hukumu hiyo, mwezi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha. Betri si taa, lakini funzo ni lile lile. Shauri lote lile lilianza na kipimo kimoja cha damu. Pasipo kupima, maskini hana ushahidi, na asiye na ushahidi huambiwa ana majungu.

Sasa nijibu hoja ninazozisikia kila nikilizungumza jambo hili, tena kutoka kwa watu wangu.

Ya kwanza: "Mgao wa chakula umepunguzwa mara ngapi, wewe unalia na taa?" Wenye hoja hii hupenda methali: mwenye njaa hana miiko. Methali hiyo inamweleza mwenye njaa; haimpi ruhusa mwenye shibe. Mimi mwenye njaa naweza kula kilichoharibika kwa kukosa cha kufanya. Wewe unayekijua kimeharibika, ukaniletea, ukapiga na picha, methali haikuhusu.

Ya pili: "Bora taa mbovu kuliko giza." Huu ni uchaguzi wa uongo. Taa za LED hazina zebaki wala mafuta yale, na zinakula umeme kidogo, hata wa jua. Tena nchi za Afrika ndizo zilizosimama mbele, chini ya Mkataba wa Minamata wa zebaki, kudai tyubu ziondolewe duniani; mwaka 2023 huko Geneva ikakubaliwa kwamba utengenezaji na biashara yake ikome ifikapo 2027. Hapo ndipo hofu yangu inapozidi. Majengo yatabadilisha taa kwa maelfu katika miaka hii michache. Mabadiliko hayo ni mema, lakini kila taa njema inayopanda inateremsha mbaya moja. Tukikosa kanuni sasa, malori yatakuwa mengi.

Ya tatu: "Serikali haina fedha." Plastiki nyembamba zilipigwa marufuku Malawi mwaka 2015, wenye viwanda wakaenda mahakamani, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ya Rufaa ikasimama na marufuku. Nia ikiwepo, sheria husimama. Isitoshe ninayoyadai hayahitaji hazina mpya.

Nadai manne. Kwanza, kila jengo la umma, na majengo ya kambi yakiwemo, liwe na daftari la taa zake: ziliwekwa lini, zina lebo gani, ngapi zinavuja. Mtu mmoja mwenye kalamu, ngazi na glavu anaweza kuanza kesho, na hesabu iwe ya jengo zima, isiwe ya taa moja moja. Pili, zabuni yoyote ya kununua taa mpya imlazimishe mshindi kuzichukua za zamani: tyubu zikiwa nzima ndani ya maboksi, kapasita ndani ya pipa lenye mfuniko, na hati ya kupokelewa mahali panapotambuliwa na MEPA. Tatu, iwe marufuku kugawa, kuuza au kupiga mnada taa hizo, na mashirika yanayotuhudumia kambini yawajibike kukataa. Nne, maonyo yaandikwe kwa Kichewa na kwa Kiswahili. Onyo la Kiingereza lililoandikwa kwa herufi ndogo kwenye kikopo halikumwonya fundi wetu, wala lisingemwonya mama.

Hilo la nne ni kazi yetu sisi, wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Tunaandika tasnifu juu ya istilahi za fasihi, na ni vyema. Lakini fundi wa Dzaleka ana maneno choki, stata na tyubu, na hana neno la kitu kinachoweza kumdhuru ndani ya choki hiyo. Tukimpa neno hilo, likaeleweka sokoni, tutakuwa tumefanya isimu yenye faida.

Mtaniuliza kuhusu mdogo wangu. Hajaugua, namshukuru Mungu. Anacheza mpira, anapata alama nzuri za hesabu kuliko nilizopata mimi. Sijaandika haya kwa sababu ya msiba. Nimeandika kwa sababu tulichonacho kwa sasa ni bahati tu, na bahati haiwezi kuwa sera ya nchi.

Taa zile zilidumu miezi michache, zikafa moja baada ya nyingine. Kituo baadaye kilipata taa za jua. Vyuma vya zamani vilitupwa nyuma ya ghala, na safari hii neno lilikuwa na maana moja tu. Nilipita pale wiki iliyopita. Shaba imeshachukuliwa, bati limeshachukuliwa. Vimebaki vikopo vitatu, kimoja kimepasuka, mita chache kutoka mahali watoto wanapochezea bao. Nilivaa mifuko ya plastiki mikononi, nikavitia katika ndoo kuukuu, nikaifunika na kuiwekea jiwe juu. Ndoo bado iko pale. Sijui pa kuipeleka, na hakuna ofisi niliyoiuliza, Dzaleka wala Lilongwe, iliyoweza kuniambia.